Chumba cha Uandishi Kisiwe Zahanati ya Wanafunzi Dhaifu

Kila mwaka ofisi za umma na shule za nchi hii hupokea vijana waliotoka vyuo vikuu wakiwa na shahada mikononi. Wengi wao ni hodari, wana bidii na wanayajua masomo yao. Lakini haipiti miezi mingi kabla mkuu wa idara hajaletewa dokezo la kurasa tatu ambalo ombi lenyewe limejificha katika sentensi ya mwisho, au kabla mwalimu mkuu hajasoma taarifa ya mtihani isiyoeleza kama wanafunzi wamefaulu au wameshindwa. Hapo ndipo lawama zinapoanza kusafiri. Ofisi hukilaumu chuo kikuu, chuo kikuu huilaumu sekondari, sekondari huilaumu shule ya msingi, na shule ya msingi, isiyo na wa chini yake wa kumlaumu, humgeukia mzazi.

Safari hiyo ya lawama haijapata kumfundisha mtu yeyote kuandika. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: chuo kikuu, kikiwapokea vijana kama walivyo, chaweza kufanya nini katika ile miaka mitatu au minne kinayokaa nao? Jibu moja, lililojaribiwa mahali pengi na kwa muda mrefu, ni chumba cha uandishi kinachoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Katika chumba hicho mwanafunzi mwenye rasimu ya insha huketi na mwanafunzi mwenzake aliyefunzwa kazi ya kushauri, humsomea alichoandika, nao wakazungumza kwa muda wa dakika arobaini na tano hivi kabla insha haijafika kwa mhadhiri. Jambo hilo laonekana jepesi mno. Ndiyo sababu wengi hulidharau, na ndiyo sababu wengine hulianzisha kwa pupa wakaliona likifa kabla ya muhula wa pili.

Historia yake yafaa ijulikane, kwa kuwa haikuzaliwa katika starehe. Mwezi Aprili 1969 wanafunzi Weusi na wenzao wenye asili ya Puerto Rico walikalia sehemu ya majengo ya City College, chuo kilichoko Harlem katika jiji la New York, wakidai kwamba chuo kinachoendeshwa kwa kodi ya wakazi wote wa jiji kisiwe na sura ya baadhi tu ya wakazi hao. City College ni kimoja kati ya vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Wakuu walikuwa wamepanga kuufungua mlango wao polepole hadi mwaka 1975. Baada ya msukosuko ule waliufungua mwaka 1970. Kila kijana aliyemaliza sekondari ya jiji akahakikishiwa nafasi katika mojawapo ya vyuo hivyo, tena bila ada. Idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza ikaruka hadi kufikia wapatao 35,000.

Kufungua mlango ni jambo moja, na kumkaribisha mgeni ndani ni jambo jingine. Walimu waliozoea insha za vijana waliochujwa sana walijikuta wakisoma maandishi ambayo hawakujua waanzie wapi kuyasahihisha. Wako waliokata shauri mara moja kwamba vijana wale hawafundishiki. Mwalimu mmoja wa City College, Mina Shaughnessy, aliyekuwa akiongoza mafunzo ya uandishi, aliikataa hukumu hiyo. Alichukua insha zipatazo 4,000 zilizoandikwa na wanafunzi wapya kati ya mwaka 1970 na 1974, akakaa nazo, akazisoma jinsi mganga anavyomsikiliza mgonjwa. Kitabu alichokitoa mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, kilionyesha kwamba makosa ya mwandishi mchanga si takataka zilizotapakaa ovyo. Yana mpango wake na sababu zake. Zaidi ya hayo, mwanafunzi anayeogopa makosa huandika kidogo sana, kwa maana kila neno analoliongeza ni hatari mpya kwake.

Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za Kiingereza hapa nchini anaufahamu ukweli huo hata kama hajapata kukisikia kitabu hicho. Mwanafunzi anapokichanganya kiwakilishi cha Kiingereza cha mwanamume na kile cha mwanamke, hakosei kwa uvivu. Kiswahili kinawatendea mwanamume na mwanamke sawasawa katika kitenzi, naye amebeba haki hiyo ya lugha yake akaipeleka mahali isikopokelewa. Kalamu nyekundu humwambia kwamba amekosea. Haimwambii kwa nini amekosea, na kesho yake hurudia.

Katika chuo kingine cha jiji hilohilo, Brooklyn College, mwalimu Kenneth Bruffee alikumbana na fumbo la namna nyingine. Msaada ulikuwapo, walimu wa kusaidia walikuwapo, lakini wanafunzi waliouhitaji zaidi hawakuja, na waliokuja hawakufaidika. Bruffee na wenzake waligundua kwamba wanafunzi hawakuukataa msaada wenyewe. Walichokikataa ni sura yake: ulifanana mno na darasa lililowashinda. Wakati huo Bruffee alisoma kazi ya Abercrombie, mtafiti wa University College London, ambaye kitabu chake kuhusu kufikiri na kuamua kilitoka mwaka 1960. Abercrombie alikuwa amewachunguza wanafunzi wa udaktari, akaona kwamba walijifunza kuutambua ugonjwa vizuri zaidi walipomjadili mgonjwa pamoja na kufikia uamuzi kwa pamoja, kuliko pale kila mmoja alipofikiri peke yake. Bruffee akaupeleka uzoefu huo kwenye uandishi. Akawachukua wanafunzi wa shahada ya kwanza, akawafunza, akawaweka wawasaidie wenzao. Wenye shida wakaanza kuja. Halafu likatokea jambo lenye faida ya ziada: maandishi ya wale waliokuwa wakisaidia yakaboreka nayo pia.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi yote. Mtu hawezi kufikiri vizuri kwenye karatasi kama hajapata kufikiri kwa sauti mbele ya mtu mwingine anayemsikiliza na kumuuliza, “Una maana gani hapa?” Babu na bibi walilijua hilo barazani. Chuo kikuu chenye mihadhara ya mamia ya wanafunzi kimelisahau, tena si kwa ubaya wa wahadhiri. Mhadhiri mwenye insha mia tatu mezani, hata akijitolea dakika kumi tu kwa kila moja, atahitaji saa hamsini kuzimaliza. Atakapozirudisha, muhula unakaribia kwisha na mwanafunzi ataangalia alama peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wachache ambao mwalimu aliweza kuwajua wote kwa majina. Siku hizo hazitarudi, wala hapana anayetaka zirudi, maana uchache ule ulikuwa na maana kwamba wengi walibaki nje.

Basi chumba cha uandishi kiendeshweje? Kosa la kwanza la kuepukwa ni la jina na tabia. Huko Marekani, zamani kabla ya Brooklyn, vyuo vingine vilikuwa na vyumba vilivyoitwa kliniki za uandishi. Mwanafunzi aliyeonekana mbovu alipimwa, akatajiwa ugonjwa wake, akaandikiwa mazoezi ya sarufi kama mtu anavyoandikiwa vidonge. Matokeo yakawa yale yanayotarajiwa: kuonekana mlangoni pa chumba hicho kulikuwa aibu. Mwaka 1984 mwalimu mwingine wa Kimarekani, Stephen North, aliandika makala yenye hasira akiwakumbusha wenzake kwamba kazi ya kituo cha namna hii ni kumjenga mwandishi, na kwamba kuitengeneza insha moja iliyoletwa siku hiyo si shabaha yake. Aliwashutumu hasa walimu waliowafukuzia huko wanafunzi wenye makosa mengi, kana kwamba ni karakana ya kunyooshea mabati.

Onyo hilo lingali na uzito wake. Chuo kikipeleka huko wale tu waliopata alama za chini, kitakuwa kimejenga zahanati ya wanafunzi dhaifu, na hata dhaifu mwenyewe ataikimbia. Inapasa mwanafunzi wa kwanza kuingia awe yule hodari anayeandika tasnifu, na mwingine awe mwanafunzi wa uhandisi mwenye taarifa ya mafunzo ya vitendo, na mwingine awe mwalimu aliyerudi masomoni baada ya miaka kumi kazini. Msomi yeyote mwenye kitabu kilichochapishwa anajua kwamba rasimu yake ilipita mikononi mwa wasomaji watatu au wanne. Kwa nini kisomwacho na profesa mwenzake kiitwe ushirikiano wa kitaaluma, na kisomwacho na mwanafunzi mwenzake kiitwe udhaifu?

Kosa la pili ni la kalamu. Mshauri akiishika kalamu tu, mkutano umekwisha. Atasahihisha nukta hii, atabadilisha sentensi ile, na mwenye insha ataketi kama mteja kwa fundi cherehani akingoja suruali yake. Kwa hiyo vituo vingi vimeweka kawaida kwamba karatasi hukaa mbele ya mwenye nayo, na penseli hukaa mkononi mwake. Yeye mwenyewe ndiye husoma kwa sauti. Mara nyingi husimama katikati ya sentensi, akanyamaza, kisha akasema, “Hapa sijaeleweka.” Sikio limeona lililolipita jicho. Kazi ya mshauri kwanza ni kuuliza juu ya mambo makubwa: swali la mhadhiri linataka nini, hoja kuu ni ipi, ushahidi uko wapi, kwa nini aya hii imetangulia ile. Tahajia na alama za uandishi zitangoja. Hakuna haja ya kuisafisha sakafu ya chumba ambacho huenda kikabomolewa.

Lakini hata kanuni nzuri huweza kugeuzwa sheria ya kijinga. Katika miaka ya 1990 walitokea huko Marekani watu walioishika kanuni ya kutoshika kalamu kwa ukali kupita kiasi, hadi mshauri akakatazwa kusema chochote alichokijua. Kila aulizwapo swali alilazimika kujibu kwa swali. Mwaka 1993 Judith Powers wa Chuo Kikuu cha Wyoming alieleza matatizo yaliyotokea wanafunzi waliosomea katika lugha isiyo yao walipotendewa hivyo. Mtu aliyekulia katika lugha fulani anaweza kuulizwa, “Unaionaje sentensi hii?” akaisikiliza na kuisahihisha. Mgeni wa lugha hiyo hana sikio hilo. Kumuuliza swali lile ni kumficha jambo ambalo mshauri analijua na yeye hana njia ya kulijua. Hapo ukarimu ni kumwambia waziwazi, na kumweleza sababu.

Jambo hilo linaihusu Tanzania kuliko linavyozihusu nchi nyingi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kisha anapoingia sekondari huambiwa kwamba kuanzia siku hiyo fizikia, historia na jiografia zitasema Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande ngazi hadi sekondari na baadaye chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia ungali unaendelea na una mahali pake. Lakini mwanafunzi aliyeko chuoni leo hawezi kungoja umalizike. Insha yake yatakiwa Ijumaa.

Mwanafunzi mshauri ana jambo ambalo mtaalamu wa kuletwa kutoka ng’ambo hana: anazijua lugha zote mbili, na yeye mwenyewe amepita njia ileile. Kwa sababu hiyo isingefaa hata kidogo kubandika mlangoni tangazo la kuamuru kwamba humo ndani kitasemwa Kiingereza peke yake. Mwanafunzi aelezwe kwamba aruhusiwa kuieleza hoja yake kwa Kiswahili kwanza, mpaka ikanyooka, kisha wawili hao waitafutie maneno ya Kiingereza. Mara nyingi itaonekana kwamba kile kilichodhaniwa ni ubovu wa Kiingereza kilikuwa ni wazo ambalo halijaiva katika lugha yoyote. Na mara nyingine, jambo linaloumiza zaidi, itaonekana kwamba wazo lilikuwa bora sana, ila kwa miaka mingi mwenyewe amekuwa akilikata vipande ili litoshe katika sentensi chache za Kiingereza asizoziogopa. Taifa linapoteza mawazo mangapi kwa njia hiyo, hakuna daftari linaloyahesabu.

Wala isidhaniwe kwamba wanaoandika kwa Kiswahili hawana haja ya chumba hiki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha somo la Kiswahili kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970, na walimu wa somo hilo wanajua kwamba kuizungumza lugha tangu utotoni hakumfanyi mtu ajue kupanga hoja ya kurasa ishirini. Wengi wa vijana wale wa New York walizaliwa na kukulia ndani ya Kiingereza. Maandishi ya kitaaluma hayana mwenyeji aliyezaliwa nayo. Kila mmoja ni mgeni aliyefundishwa adabu za nyumba hiyo.

Wako watakaouliza kama huku si kumwambia kipofu amwongoze kipofu. Swali ni la haki. Jibu lake ni kwamba mshauri hawekwi pale kwa kuwa anajua zaidi somo la mwenzake. Mwanafunzi wa historia hawezi kumfundisha mwenzake uchumi, wala asijaribu. Amewekwa pale kuwa msomaji makini, na kwa kazi hiyo kutolijua somo kwaweza kuwa faida, kwa kuwa mwandishi hulazimika kueleza kila hatua. Tena nchi hii ina uzoefu wake. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ilipofuata, hawakungojwa walimu wenye vyeti watoshe. Vijana waliomaliza darasa la saba na wananchi wengine waliojua kusoma walisimama mbele ya wakubwa wao na kuwafundisha. Walioendesha kazi ile walijua pia upungufu wake: pale ambapo mwalimu wa kujitolea aliachwa bila mafunzo, bila vitabu na bila shukrani, darasa lilififia.

Kwa hiyo suala la mafunzo halina mjadala. Katika mpango wa Brooklyn wanafunzi washauri hawakuchaguliwa leo na kuanza kazi kesho. Walisoma kozi yenye alama kama kozi nyingine, wakaandika insha zao wenyewe, wakasomeana, na wakaandika maoni juu ya kazi za wenzao kwa hatua: kwanza kueleza tu insha imejengwaje bila ya kuihukumu, halafu kusema nguvu na udhaifu wake, halafu kuijadili hoja yenyewe. Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Binadamu hupenda kuhukumu kabla hajafahamu, na mwanafunzi aliyefaulu vizuri hupenda zaidi.

Mafunzo hayo yana shabaha nyingine ambayo hapa nchini ingefaa ipewe uzito wa pekee. Mwalimu mmoja wa Kimarekani, John Trimbur, aliuliza mwaka 1987 kama cheo cha mwanafunzi mshauri hakijipingi chenyewe: akiwa mwenzako, vipi awe mshauri wako, na akiwa mshauri wako, angali mwenzako? Msomaji wa Tanzania analijua jibu baya la swali hilo, kwa maana amesoma shule yenye viranja. Kiranja ni mwanafunzi aliyeazimwa fimbo ya mwalimu. Kijana aliyekuwa kiranja miaka sita, akipewa kiti na meza katika chumba cha uandishi, ataelekea kukaa kikiranja bila hata kukusudia. Ataitazama saa, atakunja uso, ataandika jina la aliyechelewa. Chumba kitakuwa kimepata polisi na kumpoteza msomaji. Ndiyo sababu mkuu wa kituo, ambaye yapasa awe mwalimu kamili mwenye kazi hiyo katika mkataba wake, hana budi kuketi na washauri wake kila wiki wakazungumzia mikutano iliyowaendea vibaya.

Na mikutano itaenda vibaya. Atakuja mwanafunzi na insha nzuri mno isiyofanana na maneno ya kinywa chake, naye mshauri atajua kwamba imenakiliwa. Afanye nini? Akiwa ni mpelelezi wa chuo, habari itaenea kwenye mabweni kabla ya jua kuchwa na hatakuja mtu tena. Akinyamaza, anashiriki wizi. Njia inayofaa ni kumwambia mwenzake papo hapo yale anayoyaona, kumweleza adhabu iliyomo katika kanuni za chuo, na kumwonyesha jinsi ya kunukuu na kutaja chanzo. Kumbukumbu za mkutano ziwe fupi: tarehe, somo, lililojadiliwa, na alilokusudia mwandishi kufanya baadaye. Mhadhiri apewe kumbukumbu hizo kwa idhini ya mwanafunzi tu. Mtumishi wa umma anayeelewa maana ya faili la siri hatashindwa kuelewa kawaida hiyo.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 swali hili limechukua sura mpya. Zimekuja programu za akili unde zinazoweza kutunga insha nzima kwa muda wa dakika moja, kwa Kiingereza kilichonyooka. Wako wanaosema kwamba sasa chumba cha uandishi hakina kazi. Kama kazi yake ingekuwa kunyoosha sentensi, wangekuwa wamesema kweli. Lakini ofisi ya serikali haimwajiri mtu kwa ajili ya sentensi zilizonyooka. Humwajiri ili aseme mradi huu uendelee au usimamishwe, na kwa sababu gani, na aitie saini sababu hiyo. Kijana aliyepita chuoni pasipo kuulizwa hata mara moja “Una maana gani hapa?” atakapoitwa mbele ya kamati kulitetea dokezo lililoandikwa na mashine, hatakuwa na la kusema. Mwanafunzi mwenzake aliyeketi mbele yake anaweza kumuuliza swali hilo mapema, bila ya kumtia aibu, wakati bado kuna nafasi ya kuanza upya.

Imebaki fedha, nayo ndiyo huua mambo mengi mema kimyakimya. Upo ushawishi wa kuiita kazi hii kujitolea. Kujitolea ni jambo la heshima, ila mwanafunzi anayeishi kwa mkopo, anayehesabu mlo wa jioni, hawezi kujitolea saa nane kila wiki muhula mzima. Watabaki kujitolea wale wenye baba mwenye nacho, na chumba kitakuwa na washauri wa tabaka moja na wageni wa tabaka jingine. Huko Marekani vyuo vingi huwalipa washauri wao, vingine vikitumia mpango wa serikali wa kazi za wanafunzi ulioanzishwa mwaka 1964. Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichoanzisha kituo chake mwaka 1994, mwaka uleule Afrika Kusini ilipopiga kura ya watu wote, hutumia zaidi wanafunzi wa shahada za juu, nayo ni njia mojawapo ya kuwasaidia wanafunzi hao kujikimu.

Hesabu yenyewe haitishi. Washauri ishirini, kila mmoja akifanya kazi saa nane kwa wiki, hutoa saa 160. Katika muhula wa wiki kumi na tano hizo ni saa 2,400, yaani mikutano 2,400 ya mtu na mtu, kila mmoja ukiachiwa dakika chache za kuandika kumbukumbu. Hakuna mhadhiri, hata awe malaika, awezaye kuitoa. Chuo kikilinganisha malipo ya saa hizo na gharama ya wanafunzi wanaorudia mwaka, au na gharama ya semina za kuwafundisha upya kuandika barua watumishi waliokwisha ajiriwa, kitaona upande gani wa mizani ni mzito.

Lakini mafungu yawe ya kudumu. New York yenyewe ilitoa funzo kali. Mwaka 1976 jiji lilipofikia ukingo wa kufilisika, chuo kikuu chake kilianza kutoza ada na walimu wengi wakapunguzwa, na miongoni mwa walioumizwa mwanzo walikuwa wale waliofundisha uandishi kwa wanafunzi wapya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uongozi ukaamua kuyaondoa masomo ya kuwainua wanafunzi kutoka katika vyuo vyake vya shahada ya miaka minne. Mlango uliofunguliwa kwa kelele mwaka 1970 ulirudishwa nyuma kidogokidogo, kwa njia ya vifungu vya bajeti ambavyo raia wa kawaida havisomi.

Vyuo vikuu vya hapa nchini tayari vinafundisha stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na walimu wa masomo hayo ndio wanaofaa kukabidhiwa kituo. Kianze na kitivo kimoja, na washauri kumi au kumi na wawili waliofunzwa muhula mzima. Kisiwekwe karibu na ofisi ya nidhamu wala mwishoni mwa korido isiyo na taa. Mahali pake ni maktaba, ghorofa ya chini, penye meza pana, vitabu vya marejeo na kamusi za lugha zote mbili. Wanafunzi huandika jioni baada ya mihadhara, na ndipo wanapokwama. Basi mlango ufunguliwe saa kumi alasiri na ufungwe saa nne usiku.